Ikwalaiza: Kabla ya Kuvuka Kwenda Kariakoo


Wenye sabufa na redio kubwa hutuuliza: je, tununue ikwalaiza? Tunawaomba mtazame sebule kwanza. Sakafu ya vigae, kuta za saruji na madirisha ya vioo huirudisha sauti, na spika zikibanwa kwenye kona besi huvuma kupita kiasi. Zisogezeni mbali na kona, tandikeni zulia, tundikeni pazia zito. Mara nyingi hilo latosha, na zulia mnalo tayari.

Lisipotosha, ikwalaiza yaweza kufaa, mradi itumike kupunguza zaidi kuliko kuongeza. Ishusheni besi inayovuma, na sauti ya mwimbaji wa taarabu itasikika vema bila kuguswa.

Kuongeza kuna gharama isiyotajwa dukani. Kupandisha besi kwa desibeli 3 hudai nguvu maradufu. Kwa desibeli 10, hudai mara 10. Amplifaya ya wati 50 haitatoa wati 500 kwa sababu tu kitufe kimesukumwa juu. Itakwaruza, na twita, ile spika ndogo ya sauti nyembamba, ndiyo huungua mapema.

Wanaosikiliza kwa simu wajue kuwa simu nyingi zina ikwalaiza ndani yake. Ijaribuni hiyo kabla ya kulipa nauli ya kivuko. Mkinunua, sikilizeni wimbo mnaoujua kifaa kikiwa kimewashwa, kisha kikiwa kimezimwa, na mdai risiti pamoja na dhamana ya maandishi.