Nyasi kando ya mfereji

Hapa Rusizi mvua ikinyesha, kila mtu anakimbilia mfereji wake. Wewe uliyepanda nyasi kandokando ili udongo usiporomoke, umeshaonja kazi ya usanifu wa mandhari. Kazi hiyo husomewa: nchini Kenya, Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta kinaifundisha. Kigali, bustani ya Nyandungu, hekta 121, ilikuwa bonde la majimaji lililoharibika, ilifunguliwa 2022. Kuna watu walilipwa kuichora! Ufadhili wa DAFI, ulioanza 1992, husomesha wakimbizi shahada ya kwanza, ila lazima uonyeshe kwamba ulimaliza sekondari. Diploma yangu ya Serikali ilibaki ng'ambo ya mto. Nimetuma mtu aitafute. Yako iko wapi?