Adhabu kwa Waliofunika: Unyanyasaji wa Wanamichezo na Dhima ya Vyuo na Vilabu

Unyanyasaji wa kingono dhidi ya mwanamichezo kijana hutendwa na mtu mwenye jina, lakini kufichwa kwake huhitaji wengi: kocha msaidizi aliyeona akanyamaza, katibu aliyepokea barua akaifungia kabatini, rais wa klabu aliyetuma mjumbe kwa wazazi, na mkuu wa chuo aliyeona heri mtoto aumie kuliko jina la chuo kuchafuka. Mhadhara huu unawahusu hao waliofunika, pamoja na taasisi iliyowapa vyeo. Katiba ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ya mwaka 2006, katika ibara ya 17, inasema kwamba dhima ya jinai ni ya mtu binafsi na kwamba hakuna anayehukumiwa kwa tendo la mwingine. Kanuni hiyo ni kinga ya kila raia na haifai kuguswa. Hata hivyo inaacha nafasi ambayo haina budi kujazwa na adhabu ya kinidhamu, yaani ile ambayo shirikisho la michezo huwapa wanachama wake kwa faini, kwa kufungiwa au kwa kunyimwa mashindano.

Mfano uliojadiliwa zaidi duniani ni wa Chuo Kikuu cha Penn State nchini Marekani, ambako Jerry Sandusky, aliyewahi kuwa kocha msaidizi wa timu ya kandanda ya Kimarekani, alikamatwa Novemba 2011 na kutiwa hatiani Juni 2012 kwa makosa 45 ya kuwadhulumu watoto wa kiume. Mwezi uliofuata, NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo nchini humo, kilikitoza chuo faini ya dola milioni 60, kikaizuia timu kucheza mechi za baada ya msimu kwa miaka minne, kikapunguza idadi ya wachezaji wanaoweza kulipiwa masomo, na kikafuta ushindi wa mechi 112 za kuanzia mwaka 1998 hadi 2011. Adhabu hiyo ilionekana kali kupita zote, lakini haikudumu: mwaka 2014 kizuizi cha mechi kiliondolewa, na Januari 2015 ushindi wote ukarudishwa kwa maafikiano yaliyomaliza kesi mahakamani. Kilichobaki ni fedha, ambazo kwa maafikiano hayohayo zilielekezwa katika kuzuia unyanyasaji wa watoto na kuwasaidia waathirika ndani ya jimbo la Pennsylvania. Wakubwa watatu wa chuo, akiwemo rais wake wa zamani, Graham Spanier, walihukumiwa na mahakama, wala si na chama cha michezo.

Kufuta ushindi kulikuwa adhabu dhidi ya karatasi, maana mechi zilikwisha kuchezwa na hakuna mtoto aliyefaidika kwa matokeo yake kusomwa upya. Kuzuia mechi kuliwaangukia vijana wa miaka 19 ambao mambo hayo yalipotendwa walikuwa bado shule ya msingi, ingawa ni haki kukumbuka kwamba waliruhusiwa kuhamia vyuo vingine na kucheza mara moja. Jambo la kushangaza zaidi lilifuata baadaye. Katika kesi ya Larry Nassar, daktari wa Chuo Kikuu cha Michigan State, chuo kilikubali mwaka 2018 kuwalipa waathirika dola milioni 500, na bado NCAA ilisema mwaka huohuo kwamba haikuona kanuni yake iliyovunjwa. Chama kilichoadhibu bila kanuni mahususi mwaka 2012 kilijikuta mwaka 2018 kikikosa kanuni ya kuadhibu.

Ukanda wa shaba wa Kongo haupaswi kuyatazama hayo kama mambo ya ng'ambo, kwa sababu unaijua vizuri nguvu ya adhabu ya michezo. Mwaka 2011 TP Mazembe ya Lubumbashi, iliyokuwa bingwa wa Afrika kwa miaka miwili mfululizo na iliyotoka kucheza fainali ya dunia ya vilabu huko Abu Dhabi, iliondolewa na CAF, shirikisho la soka la Afrika, katika Ligi ya Mabingwa baada ya Simba ya Dar es Salaam kulalamika kwamba mchezaji Janvier Besala Bokungu hakustahili kuchezeshwa. Hitilafu ya usajili wa mtu mmoja ilitosha kumvua bingwa nafasi ya kutetea taji lake. Basi haiwezi kudaiwa kwamba mashirikisho hayana meno. Kinachoulizwa ni kwa nini meno hayo huiuma fomu ya usajili iliyokosewa kuliko barua ya malalamiko iliyochanwa.

Mazingira ya Kolwezi, mji mkuu wa mkoa wa Lualaba katika ukanda huo, yana uzito wake. Soka la Katanga lilikulia mikononi mwa wamisionari na ya kampuni ya madini ya Union Minière, kisha Gécamines, na tangu hapo klabu imezoea kuishi kwa mkono wa kampuni au wa mfadhili mmoja anayelipa viatu, basi na mishahara. Palipo na mfadhili mmoja, anayetaka kulalamika hana mlango wa pili. Binti anayefanya mazoezi ya mpira wa kikapu, au kijana anayetamani kuonekana na klabu ya AS Simba ya Kolwezi, anamtegemea kocha kwa nauli, kwa kupangwa kikosini na pengine kwa karo ya shule. Na familia yake, ikishajua yaliyotokea, huletewa mapatano ya nyumbani, yaani malipo ya kimyakimya ili kesi isifike kwa mwendesha mashtaka. Sheria ya mwaka 2006 kuhusu mwenendo wa mashauri ya ukatili wa kingono imekataza kesi hizo kumalizwa kwa faini ya maafikiano mbele ya mwendesha mashtaka, na imetaka uchunguzi wa awali ukamilike katika mwezi mmoja. Lakini mwezi huo hauanzi kuhesabiwa mpaka mamlaka ya sheria ipelekewe habari, na kazi yote ya mficha ni kuhakikisha haipelekewi.

Kwa hiyo adhabu ya kinidhamu inafaa ipimwe kwa siku za ukimya. Klabu au chuo kinachotoa taarifa chenyewe mara kinapojua kisitozwe kwa kosa la kocha wake, bali kisimamiwe tu. Kinachokaa kimya kilipe kwa kila msimu uliopita, na viongozi waliojua wafungiwe kushika cheo chochote cha michezo, pamoja na mfadhili akiwa alijua. Hapa ndipo penye ugumu, kwa kuwa mfadhili akifungiwa timu inaweza kufa, na watu wa mtaa watamlaumu aliyelalamika. Hata hivyo timu inayoishi kwa sharti la mtoto kunyamaza haistahili kuokolewa kwa bei hiyo. Wachezaji wake waachiwe kuhama bila ada.

Kuhusu fedha, nchi ina mfano wake yenyewe: hazina ya FONAREV, iliyoanzishwa kwa sheria ya Desemba 2022 kwa ajili ya fidia ya waathirika wa ukatili wa kingono unaotokana na vita, hupewa asilimia 11 ya mrabaha wa madini, yaani malipo ambayo kampuni huilipa serikali kwa madini yaliyochimbwa. Shaba na kobalti ya Lualaba, basi, tayari inawalipia waathirika, lakini mwanamichezo aliyeumizwa uwanjani bila vita hamo katika hesabu hiyo. Faini za michezo ziende kwake, kwa matibabu, mwanasheria na masomo, zisiishie katika sanduku la shirikisho.

Kanuni za maadili za FIFA zinawalazimu viongozi wa soka kutoa taarifa ya makosa wanayoyajua, na wajibu huo tayari unaifunga FECOFA, shirikisho la soka la Kongo. Kinachokosekana ni kipimo cha adhabu kilichoandikwa mapema, kinachovihusu pia vyuo vikuu na michezo mingine isiyo soka. Serikali ya mkoa wa Lualaba, vyuo vya Kolwezi na kampuni zinazofadhili timu wakiandike sasa, kabla ya kujulikana kitamwangukia nani, na kampuni ziweke katika kila mkataba wa ufadhili sharti kwamba fedha zitasimama siku ile itakapothibitika kwamba malalamiko ya mtoto yalifichwa.