Karatasi ya nyumba na kitabu cha Leta

(Maneno tuliyosema mbele ya washiriki wa shirika, Ubundu)

 

Tulipotembelea wale waliorudi, upande wa reli na upande wa mto, tulisikia maswali mawili tu. La kwanza: nyumba iliungua, karatasi ziliungua nayo, sasa nitaonyesha nini? La pili: nimerudi, nakuta mtu analima kwangu, anasema yeye iko na karatasi. Leo tunajaribu kujibu hayo mawili.

Tuanze na karatasi zenyewe. Wengi wetu tuko na barua ya kuuziana. Muuzaji ametia sahihi, mnunuzi ametia sahihi, mashahidi wapo, na shefu wa lokalite au wa grupema amepiga muhuri. Barua hiyo iko na maana, msiitupe. Inaonyesha nani alimpa nani, mwaka gani, na nani aliona. Lakini sheria ya udongo ya tarehe 20 Julai 1973 inasema udongo wote ni wa Leta. Mtu anapewa haki ya kuutumia, na haki hiyo inahakikishwa kisheria na karatasi moja tu: sertifika ya kuandikishwa, inayotolewa na konservatere wa hati za udongo na nyumba. Shefu hatoi sertifika. Ajenti wa kadastre anayekuja kupima naye hatoi sertifika. Kazi yao ni ya lazima, lakini haimalizii safari.

Sertifika inaandikwa mara mbili. Moja inabaki katika kitabu cha konservatere, ingine unapewa wewe. Ndiyo maana aliyekuwa na sertifika, hata kama nyumba iliungua, asikate tamaa. Aende kwa konservatere, aeleze ilivyopotea, aombe ingine. Kitabu kinamjua.

Aliyekuwa na barua ya kuuziana peke yake, huyo jina lake halimo kitabuni. Barua ikiungua, wanabaki watu walioona. Basi asingoje. Amwite muuzaji, majirani wa mipaka yote na shefu, waandike upya na kutia sahihi wakiwa bado wazima. Mzee akifa, na ushahidi wake umekwenda.

Sasa swali la pili, na hapa tunaomba musikilize sana. Sheria hiyo inasema haki iliyoandikwa katika sertifika haishambuliwi. Kama konservatere alidanganywa, au alikosea, na kiwanja chako kikaandikwa kwa jina la mtu mwingine, uko na miaka miwili ya kwenda tribinali kuomba sertifika hiyo ivunjwe. Ikipita miaka miwili, unaweza kudai malipo ya hasara, lakini udongo wenyewe haurudi. Fikirini mtu aliyekimbia 2023. Yeye alikuwa anatafuta chakula cha watoto, na huku siku zinahesabiwa. Kwa hiyo ukirudi, usiishie kuangalia kama mti wa mpaka bado umesimama. Nenda uulize kitabuni: kiwanja hiki kimeandikwa kwa jina la nani, na tangu tarehe gani? Ukikuta jina si lako, tafuta avoka mwezi huohuo. Kupigana shambani hakufuti jina katika kitabu.

Juu ya shamba za kijijini kuna neno lingine. Sheria ya 1973 ilisema haki za wenyeji juu ya udongo wa mila zitapangwa na ordonansi ya Rais. Miaka zaidi ya arobaini ilipita bila hiyo ordonansi kutoka. Lakini kinga moja ipo. Mbele ya Leta kumpa mtu udongo wa kijijini, lazima uchunguzi ufanyike pale pale: nani anakaa, nani analima, wapi msitu, wapi mto, na nani iko na malalamiko. Aliye kambini au kwa jamaa Kisangani, nani atamsemea? Ni sisi tuliotangulia kurudi. Uchunguzi ukifika, tutaje shamba la jirani ambaye bado hajarudi, hata kama si wa kabila letu. Vita ya Wambole na Walengola, iliyoanza Lubunga mwaka 2023, ilizaliwa na ugomvi wa udongo. Tukiandikisha leo shamba la aliyekimbia, tunaweka kuni kwa moto wa kesho.

Kwa msitu wa jamii kuna njia ya pamoja. Dekreti ya tarehe 2 Agosti 2014 inaruhusu jamii kuomba msitu wake wa mila, mpaka hektari 50 000, bila kuulipia na bila mwisho wa muda. Unaandikwa kwa jina la jamii nzima, si la shefu wala la mtoto wake aliyesoma.

Tumalize na mambo ya kufanya. Pesa za Leta zinalipwa kwa nota ya malipo, na risiti inarudi nyumbani. Anayeomba franga mkononi bila risiti, muulizeni jina lake na biro yake. Mume na mke waandikwe wote wawili, na watoto wajue. Tumeona wajane wanafukuzwa na ndugu za marehemu juu ya jina moja tu lilikuwa kwa karatasi. Kopi za karatasi zisikae zote kwa nyumba moja: moja kwako, moja kwa jamaa wa mji mwingine, moja katika sanduku la shirika.

Kupima kiwanja ni gali, tunajua. Ndiyo maana tunapendekeza viwanja vya majirani vipimwe safari moja, na kasa ya shirika ianze na wajane. Kwa mkutano ujao kila mtu alete alichonacho, hata kipande kilichoungua pembeni. Asiye na karatasi alete majina ya majirani zake wa mipaka. Tutaanza kuandika kwa hayo.