KUVUKA BAHARI WAKATI WA KUSI
(Maneno yaliyosemwa Bagamoyo mbele ya wanafunzi wa zamani na wa sasa)



Nimeombwa niseme juu ya bahari, kwa kuwa nimefanya kazi ya vyombo miaka mingi. Nina jambo moja tu: siku ya kuogopwa zaidi si ile ya tufani.

Tufani hujulikana. Ile ya Aprili 1872 iliyovunja Unguja ilifika hapa hapa Bagamoyo ikabomoa majengo ya misheni. Lakini Mei 2024, kilipokuja Kimbunga Hidaya, Mamlaka ya Hali ya Hewa ilitangaza mapema, na boti za Dar es Salaam na Unguja zikasimama. Nani angeng'oa nanga siku ile? Wenzetu wa milima ya Alpu hutangaziwa hatari ya maporomoko ya theluji kwa daraja 5; huko Uswisi wengi hufa siku za daraja la 3. Siku ya daraja la 5 watu hukaa nyumbani.

Daraja letu la 3 ni Julai. Kusi imekolea, jua linawaka, asubuhi maji shwari; ikifika adhuhuri upepo umepanda. Na pwani yetu haina kina. Maji yakipwa jahazi hukaa juu ya tope, kwa hiyo nahodha huondoka na maji, si na saa aitakayo. Akichelewa kidogo, abiria huanza: "Nahodha, twende, mzigo utaoza!" Hatari huzaliwa hapo, kabla kamba haijafunguliwa.

Mwezi nao mwutazame. Mwezi mchanga na mwezi mpevu huleta bamvua, mkondo ukaenda kwa nguvu. Upepo ukiukabili mkondo, mawimbi husimama wima na kukaribiana, chombo kisipate nafasi ya kuinuka. Kutoka ufukweni hayo huyaoni.

MV Skagit ilizama karibu na Chumbe tarehe 18 Julai 2012 katika upepo mkali, na watu wapatao 290 ndani. Ilikuwa mchana kweupe, siku chache kabla Ramadhani haijaandama, bamvua likikaribia.

Kwa hiyo, nahodha akisema "leo hapana", mnunulieni kahawa. Mwalimu wa jiografia amekubali jedwali la kupwa na kujaa libandikwe ukumbini kila mwezi. Mnaovuka likizo hii, lisomeni kabla hamjakata tikiti.