Umeme Kichwani, Mbio Miguuni
Kijana anayekimbia kwenye migomba ya Akheri, chini ya Mlima Meru, husahau maelekezo ya kocha kila mara. Mkaidi? Si lazima. Pengine ana ADHD, hali ya ubongo inayovuruga umakini. Simone Biles, bingwa wa jimnastiki, anayo.

Dawa zipo, ila mojawapo, methilfenideti, hairuhusiwi mashindanoni bila kibali cha tiba.

Ndipo wengine hutamani umeme: mkondo dhaifu, miliampia 1 au 2, unaopitishwa kwenye ngozi ya kichwa. Mwaka 2019 Marekani iliruhusu kifaa cha umeme cha aina nyingine, kinachobandikwa kwenye paji la uso usiku, kwa watoto wa miaka 7 hadi 12. Ushahidi bado mwembamba. Mzazi, usikimbilie kununua vifaa hivi mtandaoni. Anza kwa daktari.