Mkorosho Hutunzwa Kabla ya Maua

  Somo letu la leo ni mkorosho, mti unaolipa ada na kuezeka nyumba nyingi Mtwara na Lindi.

Katika msimu wa 1973/74 nchi yetu ilivuna korosho zipatazo tani 145,000. Msimu wa 1986/87 mavuno hayakufika hata tani 20,000. Sababu zilikuwa zaidi ya moja. Watu walihamia vijiji vipya, wakayaacha mashamba mbali. Bei nayo ilikuwa ndogo. Kisha ukaenea ugonjwa wa ubwiri unga. Hasara hiyo na itufunze.

Ubwiri unga ni kuvu, jamaa ya ukungu. Huonekana kama unga mweupe juu ya majani machanga na maua. Ua lililoshikwa hunyauka, nalo halizai korosho. Ugonjwa huu huchukuliwa na upepo, nao hupenda asubuhi zenye umande mwingi.

Sasa tufuate kazi kwa mpango wake.

Kwanza, mkisha kuvuna, pogoeni matawi yaliyokufa na yale yanayosongana, ili hewa na jua vipite.

Pili, mvua za masika zikiisha, palilieni na kufyeka. Magugu hunywa maji ya mti, huficha korosho zinazoanguka, na wakati wa kiangazi huleta moto shambani. Kateni pia maotea ya chini, yaani machipukizi yaotayo kivulini karibu na shina. Hapo ndipo ubwiri hujificha ukingoja maua.

Tatu, maua yaanzapo kutoka, kagueni miti kila wiki. Mkiona dalili za kwanza za unga mweupe, pulizieni salfa mapema. Salfa hulinda ua lililo zima. Ua lililokwisha kufa haifufui. Salfa ya unga hupulizwa alfajiri, wakati hakuna upepo. Fungeni pua na mdomo, vaeni nguo ndefu, na mkimaliza ogeni kwa sabuni. Kipimo mwulizeni Bwana Shamba au Bibi Shamba.

Yuko adui mwingine: mbu wa mikorosho. Huyu hafyonzi damu, hufyonza utomvu wa machipukizi. Alipochoma huacha madoa meusi marefu, na chipukizi hukauka kama limeunguzwa na moto. Salfa haimwui mdudu huyu. Kwa hiyo mtu asiseme, "Nimekwisha pulizia, sina kazi tena."

Lakini tunaye rafiki. Ni maji moto, wale siafu wekundu wa mitini washonao majani kuwa viota. Wanauma, kweli, lakini humwinda mbu huyo. Mkiwaona wengi katika mti, msiwachome moto wala kuwapulizia dawa ya wadudu.

Mwisho, kumbukeni jirani. Ukisafisha shamba lako, na lake likabaki pori, upepo utakuletea ubwiri wake. Kaeni pamoja, mpange siku za kazi. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Maswali ya kujibu darasani:

1. Kwa nini tunakata maotea kabla ya maua?
2. Salfa hupulizwa saa gani, na kwa nini?
3. Maji moto wana faida gani?

Kesho asubuhi, kila mmoja akague mti mmoja, aandike katika daftari alichokiona. Kwaherini, hadi somo lijalo.