Je, posho imeua moyo wa kujitolea?



Pwani yetu ya Kilwa na Lindi ina lawama moja inayorudiwa kila baraza: kwamba watu hawajitolei tena, na kila anayeitwa huuliza kwanza kama kuna posho. Wazee hukumbuka miaka ya baada ya Uhuru, madarasa na barabara zikijengwa kwa msaragambo. Posho, wanasema, imeua moyo.

Wapo hata wataalamu waliowaza hivyo. Mwingereza Richard Titmuss, aliyeongoza ripoti ya mwaka 1964 kuhusu huduma za afya za Tanganyika, alitoa mwaka 1970 kitabu kuhusu utoaji wa damu. Hoja yake: damu ikinunuliwa, anayetoa kwa huruma hurudi nyuma, na anayefuata fedha ana sababu ya kuficha maradhi yake.

Hoja hiyo ina uzito. Lakini kutoa damu ni kazi ya muda mfupi, tena mara chache kwa mwaka. Sasa mtazame mjumbe wa BMU, yaani kikundi cha kulinda bahari, pale Somanga au Songosongo. Anaombwa akeshe kuvizia wapiga baruti. Usiku huo yeye mwenyewe havui. Boti inataka mafuta, na atakayemkamata huenda ni jirani yake. Kukicha, watoto wanataka chai. Msiba wa siku tatu sote tunajitolea. Msiba wa mwaka mzima nani atauweza? Kumtaka mtu huyu aishi kwa sifa tu ni kumfanyisha kazi ya mshahara pasipo mshahara.

Dunia nayo imeanza kuliona hilo. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilishauri wahudumu wa afya wa ngazi ya jamii walipwe kulingana na uzito wa kazi, muda na mafunzo yao. Januari 2024 Serikali yetu ilizindua mpango wa kuwa na wahudumu wa namna hiyo zaidi ya 137,000 katika miaka mitano.

Kwa maoni yangu, moyo unauawa na mambo mawili mengine. La kwanza ni upendeleo. Mkubwa anatoka mjini kwa gari, anatia saini posho ya siku nzima, kisha anamhubiria uzalendo mwanakijiji aliyepewa soda na fulana. Mwanakijiji ana macho. La pili ni posho ya mradi. Huja na mfadhili na huondoka naye, na ikiondoka watu huona kwamba msitu au bahari vilikuwa mali ya mradi, si yao.

Dawa tunayo hapa hapa Kilwa. Chini ya Sheria ya Misitu ya mwaka 2002, vijiji vinaweza kumiliki na kusimamia misitu yake. Mwaka 2009 misitu ya vijiji vya Kikole na Kisangi ilipata cheti cha kimataifa cha FSC cha usimamizi bora. Baadaye mpingo ulipouzwa, sehemu kubwa ya fedha ilibaki kijijini, na nyingine zikatengwa kwa doria. Hapo mwenye kupiga doria halipwi na mgeni. Analipwa na msitu anaoulinda, na mkutano mkuu wa kijiji una haki ya kuhoji kila shilingi.

Basi tutenganishe. Kuchimba kaburi, kuzima moto, kusomba mawe ya zahanati siku moja: hapo tuulizane jembe, tusiulizane posho. Kazi ya kila juma, yenye hatari na hesabu, ipewe malipo yake, yatangazwe mapema mbele ya wote, na yatoke mahali pasipokauka mgeni akifunga mizigo. Mkono mtupu haulambwi, walisema wahenga. Nao walijua kujitolea kuliko sisi.

Hadi juma lijalo, kwaherini.